Mkanda wa Kiti Kitupu

Gari lilianza kulia karibu na Bogoro: kiti cha abiria kina mtu ambaye hajafunga mkanda. Tharcisse, dereva aliyeleta samaki Bunia kutoka Kasenyi, aligeuza macho. Kiti kilikuwa kitupu. Akafanya wanavyofanya madereva wavivu: akauvuta mkanda juu ya kiti, akauchomeka, kelele zikakoma.

Vyombo hivyo vya tahadhari tajiri wake alivifunga baada ya Blanchard, dereva wa zamani, kupinduka na gari hilohilo hapo Bogoro na kukata roho mtaroni akingoja msaada. Blanchard alikuwa na kiburi chake, jamani. Hakukubali kuendeshwa na mtu. Sasa gari lilihisi pigo, saa ya mkononi ilisikiliza moyo wa dereva, na ujumbe ulikwenda kwa mkewe. Jambo jema, nani angelikataa?

Mchana huo, nyumbani, mtaa wa Mbunya mjini Bunia, Tharcisse alikuwa anakula bugali simu ya mkewe Kahindo ilipotetemeka: Ajali. Watu wawili.

"Baba Yannick, motokari iko wapi?"

"Si ile mu lupango."

Wakatoka uani, na hapo hofu ikawashika, maana gari lilinuka tope na damu ingawa lilikuwa limeoshwa, na kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu kwa ndani, na mkanda uliofungwa juu ya kiti kitupu ulikuwa unapanda na kushuka, polepole, kama juu ya kifua cha mtu aliyechoka kungoja.

Walimwita Mama Domitille, mwombezi wa mtaa. Hakuligusa gari.

"Alikuwa anaomba kushuka pale alikufia," alinong'ona. "Weye ukamufunga."

"Basi nimufungule, mama!"

"Hapa? Ataingia mu nyumba, na mutoto iko mule. Umurudishe Bogoro, umufungule kule."

Tharcisse akaondoka, jasho likimtoka, bila kutazama pembeni. Kahindo alibaki na simu, akiomba hadi sauti ikamkauka. Simu ikatetemeka: Moyo wa dereva umesimama. Akajipa moyo kwamba hata mchana ilidanganya.

Jua lilipoanza kuinama, honi ililia langoni mara mbili, kama Tharcisse alivyozoea. Kahindo alifungua mbio, akicheka na kulia kwa furaha.

Gari liliingia polepole. Tharcisse alikuwa kwenye kiti cha abiria, macho wazi, mkanda umemkaza kifuani, haupandi wala haushuki. Kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Injini ikazimika. Kisha gari likaanza kulia: kiti cha dereva kina mtu ambaye hajafunga mkanda.