Mstari wa Kumi na Tatu

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Phelesia Awuor mwenyewe, Desemba 1969, huko Magunga, akichambua omena, dagaa wa ziwani, pamoja na shangazi zake wawili. Hajabadilisha neno tangu siku ile. Ila siku hizi, kabla hajaanza, hutazama ni nani aliye karibu.

Februari 1967 yeye na mdogo wake Priscilla walikuwa wakijifunza taipu katika ofisi ya chama cha wakulima wa pamba, Homa Bay. Nyumba ilikuwa ya Osman, mfanyabiashara Msomali, na gramafoni pia ilikuwa yake. Sahani ya santuri ilikuwa moja tu. Ilizunguka katika chumba cha kwanza, na waya zikapeleka sauti kwenye spika za chumba cha pili na cha tatu, hivyo vyumba vyote vikapiga imla ileile kwa wakati uleule. Phelesia ndiye aliyeweka sindano. Priscilla alikaa peke yake chumba cha tatu.

Imla ilikuwa na mistari kumi na miwili. Jumatatu Bwana Kerosi, karani mkuu, alikusanya karatasi, akaona ya Priscilla ina mstari wa kumi na tatu: *Oyawore. In ng'a, nyar ng'a?*

"Habari ya asubuhi, wewe ni nani, binti ya nani," Phelesia alimtafsiria.

"Mashine ya Mzungu imejua Kijaluo tangu lini?" akauliza Bwana Kerosi.

"Labda imeoa Karachuonyo, kwa Wajaluo," mtu akasema chumba cha pili, wakacheka.

Priscilla hakucheka. Walipokuwa wakinawa mikono alimnong'oneza dada yake, "Ilinisalimu. Ningeachaje salamu ya mtu hewani? Nikataja jina langu. La baba sikutaja, nilikumbuka ni mashine."

Jumanne aliamka hana sauti. Alifungua mdomo, pumzi ikatoka kavu. Daktari alimulika koo, hakuona kidonda.

Alhamisi Phelesia aliweka sindano kama kawaida. Sauti ya mwanamume aliyesoma imla kwenye sahani siku zote haikusikika. Imla ilisomwa na Priscilla, kwa Kiingereza safi ambacho Priscilla hakuwahi kukizungumza, huku Priscilla mwenyewe amesimama mlangoni, kiganja juu ya koo, machozi yakimtoka. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Osman alimleta mama yake, Habon, mwanamke aliyewasomea wagonjwa Kurani. Bi Habon alinusa spika ya chumba cha tatu, akarudi nyuma.

"Huyu jini hakuiba," alisema taratibu. "Alipewa jina, na sauti ikafuata. Sasa anatafuta ukoo, apate kumwingia mdogo wako kabisa. Babenu yuko hai?"

"Alikufa tukiwa wadogo, mama," Phelesia akajibu.

"Basi usimtaje mbele ya huyu jini. Kaa humu, mshughulishe. Mimi nitasoma, Osman ataivunja sahani. Ikivunjika, sauti itarudi kwa mwenyewe."

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali juu ya mabati. Phelesia aliketi mbele ya spika, akasikia sindano ikikwaruza, na kisomo cha Bi Habon kikipanda kutoka chumba cha kwanza, kisha ule mnuko ukaja tena, mzito, ukamkaa kooni, na kutoka ndani ya kile kisanduku cha mbao mdogo wake akaanza kulia kama alivyolia utotoni alipochomwa na mwiba, kilio ambacho hakuna mgeni angeweza kukijua, na katikati ya kilio akauliza kwa upole, "Dada, baba yetu anaitwa nani?"

Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Phelesia akajiuma mpaka damu. Chumba cha kwanza sahani ikavunjika, waya zikang'olewa, kimya kikaingia.

"Dada," Priscilla akaita kutoka uani. Sauti yake. Watu wote wakamshukuru Mungu, Bi Habon akalia.

Jioni walikaa wawili wakimenya viazi. Priscilla aliongea bila kupumzika, kila neno limekamilika, limepangwa. Phelesia aliweka kisu chini.

"Nijibu kidogo tu. Wewe ni nani?"

"Si Priscilla?"

"Binti ya nani?"

Yule msichana alitabasamu, akaendelea kumenya. Kiazi kilipokwisha akasema kwa upole, "Dada, baba yetu anaitwa nani?"

Bi Habon alifariki 1974, Bwana Kerosi 1981. Osman yuko hai, alihamia Isiolo. Phelesia yuko hai. Ukimuuliza kama mdogo wake angali hai, hujibu, "Huyo anayekaa Magunga yuko hai."