Kodi Yenye Maji, Kuni na Taa

Jua lilikuwa linazama Nashilu alipotoka dukani na chumvi yake. Mafuta ya taa hayakuwepo Karatu nzima, watu walilala gizani. Dirisha la chumba chake tu ndilo liling'aa.

Maji, kuni, taa, vyote vilikuwa ndani ya kodi. Hilo ndilo lililompendeza mumewe, Lembris, alipomleta kutoka Nainokanoka na kumpangia chumba kwa Bibi Bernadina, kabla ya kwenda kuvuna ngano Mbulumbulu. Pipa halikukauka. Kuni hazikwisha. Asubuhi ya kwanza bibi alimletea kijinga cha moto kutoka jikoni kwake, na Nashilu akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

Hakuwahi kumwona mtu akileta maji. Alisikia tu. Kila magharibi, nyuma ya ukuta... mtu akimimina polepole, kama anayemwogesha mtoto. Kisha harufu ya maziwa yaliyochacha.

Na mwanawe, Senteu, alizidi kukonda. Zahanati walisema hana ugonjwa.

"Mama Senteu."

Alikuwa Blandina, jirani, amesimama nje ya ua wa bibi. Hakuwahi kuingia.

"Moto wako wa kupikia uliutoa wapi?"

"Kwa bibi."

Blandina akanong'ona.

"Mjukuu wake mdogo alifia humo ndani. Huku kwetu nyumba iliyofiwa hivyo haigawi moto wala maji, mpaka wazee waseme basi. Yeye aliwafukuza wazee. Alisema mjukuu wake hajaenda popote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Kila mtu anajua. Anayepokea moto ule ni wa nyumba ile."

Nashilu aliingia mbio, akafunga vitu vyake, akamfunga mtoto mgongoni. Bibi Bernadina alimtazama kutoka mlangoni, mpole kama siku zote.

"Nenda, mwanangu. Nani amekushika?"

Kwa Blandina mlango ulifunguka kidogo tu.

"Nisamehe, dada. Nina watoto."

Mlango wa pili ulisema hivyo hivyo. Wa tatu haukusema kitu. Lori la Mbulumbulu lilikuwa limeondoka tangu asubuhi. Ukungu ukashuka, ule wa Karatu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Nashilu alisimama barabarani akiwa amekumbatia miguu midogo iliyomning'inia kiunoni. Ilikuwa inatetemeka.

Kisha ikaacha kutetemeka.

Mji mzima ulikuwa giza. Dirisha moja tu...

Alirudi. Alilia njia nzima, bila sauti, lakini alirudi.

"Sikufunga mlango," bibi alisema. "Msogeze kwenye moto."

Joto lilimpata mtoto mgongoni. Senteu alifumbua macho. Nashilu alimgeuzia uso, mtoto amwone. Hakumtazama mama yake. Hakumtazama bibi. Alitazama kona tupu ya chumba, akanyoosha mikono, akacheka kicheko ambacho Nashilu hakuwa amekisikia kwa wiki nyingi.

"Unaona?" bibi alinong'ona. "Wamezoeana."

Nashilu alikaza mbeleko. Aliikaza kwa nguvu zake zote.

Kifuani pake, fundo la mbeleko likaanza kufunguka lenyewe.