Majibu ya Damu ya Mbinya

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapeta ndengu, mimi na mjukuu wangu Mbinya. Baba yake, mwanangu Munyao, alikuwa ndani akijidunga sindano ya sukari. Amejidunga tangu akiwa na miaka ishirini na miwili.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Nthenya wa Kwa Vonza, mama yake Muthama. Muthama ndiye anataka kumwoa Mbinya. Walikuwa walete mbuzi za ntheo baada ya wiki mbili. Kwetu Ukambani, bila mbuzi hizo msichana hajaolewa.

"Mama Munyao, tumesikia mlipimwa damu ya ukoo," Nthenya akasema. "Sisi hatukatai msichana. Lakini kabla mbuzi zitoke kwangu, nataka kuona karatasi yake."

"Nitaona," nikamjibu.

"Ni nani, Susu?" Mbinya akauliza. Susu ndiyo nyanya kwetu.

"Ni mtu wa kununua ndengu." Nilimdanganya.

Ni kweli tulipimwa. Sukari ilinishika nikiwa kijana. Ikamshika Munyao. Ikamshika kifungua mimba wangu Ndeti, ikaharibu figo zake, tukamzika akiwa na miaka thelathini na moja. Sote wembamba, si wale wanene ambao sukari hupenda. Daktari wa kliniki alishangaa. Akataka kujua kama ni ile sukari inayopita kwa familia. Akachukua damu yangu, ya Munyao na ya Mbinya, ambaye hajawahi kuugua.

Siku hiyo Nthenya alipopiga simu sikula. Nilikuwa naona miguu ya Ndeti ilivyovimba. Kisha naona ni ya Mbinya. Naona mbuzi zikirudishwa njiani, na watu wa kwetu Kathonzweni wakisema ile ni nyumba ya wagonjwa.

Kesho yake nikaenda kliniki peke yangu kufuata majibu. Mimi ndiye huchukua dawa na kadi za watu wangu wote. Nilisema moyoni, karatasi ya Mbinya ikiwa mbaya, nitaichoma jikoni na nitasema ilipotea.

Nesi anaitwa Fahima, mzaliwa wa Kitui mjini.

"Sista, nipe majibu yetu," nikamwambia.

"Yako nitakupa, Susu. Ya Munyao nitampa Munyao. Ya Mbinya nitampa Mbinya."

"Huyo Mbinya nimemwosha matako mimi."

Fahima akacheka. "Na sasa anajiosha. Ana miaka ishirini na nne. Damu ni yake, na majibu ni yake."

Nikamwambia yote, hata ile ya kuchoma. Hakucheka tena.

"Ukichoma karatasi, damu inabaki vile iko," akasema. "Na yeye atatembea na hatari asiyoijua. Huyo Nthenya hana haki ya kudai karatasi. Hata daktari hawezi kumwonyesha bila Mbinya kukubali."

Akanieleza majibu yangu pole pole. Mtoto huchukua vitu kwa baba na mama: urefu, rangi, meno. Vinaitwa vinasaba. Kwangu kimoja kina kasoro, na ndicho kinacholeta sukari hii.

"Basi ni mimi niliwapa," nikasema. "Ni mimi nilimuua Ndeti."

"Hapana, Susu. Hukuchagua. Hata wewe ulipewa. Si laana, na hakuna aliyekuroga. Kila mtoto wa mwenye kasoro hii, ni nusu kwa nusu. Anaweza kuichukua, anaweza kuikosa."

Nililia. Akaningoja.

Nyumbani nikamwambia Mbinya ukweli. Akasema, "Kwa hivyo ungeniozesha kwa uongo, Susu?"

"Ndiyo. Niliogopa."

"Mimi pia naogopa. Lakini hofu yangu ni yangu."

Munyao alienda kwanza. Kinasaba ni kilekile changu. Daktari akaanza kumtoa kwenye sindano akimpa tembe, huku akipimwa mara kwa mara. Akatuonya: ni aina chache tu za sukari zinazokubali hivyo. Mtu asiache sindano yake kwa sababu amesikia habari ya Munyao.

Halafu Mbinya. Fahima alimuuliza kwanza, "Unataka kujua? Ukikataa hakuna ubaya. Tutakuwa tunakupima sukari kila mwaka tu."

"Nataka."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi. Alipotoka, uso wake sikuweza kuusoma. Maneno yalinijaa mdomoni nikayameza.

"Nitaongea na Muthama mwenyewe," akasema.

Waliongea, wao wawili. Sijui nini.

Siku ya ntheo nilikaa nikitazama barabara tangu asubuhi. Saa sita wakaja. Mbuzi tatu, na Muthama mbele. Nthenya hakungoja chai. Alinivuta kando ya ghala.

"Mama Munyao, karatasi ya msichana ilisema nini?"

"Sijui."

"Wewe, susu yake, hujui?"

"Sijui. Sikuuliza. Muulize Mbinya. Akitaka atakuambia, asipotaka hatakuambia. Mwenye kumwoa ameambiwa, na ndiye huyo amekuja."

Mara Muthama akaita, "Mama, njoo ushike kamba, huyu mbuzi ananishinda."

Nthenya akaenda akashika kamba.