Nusu Kijiko cha Chumvi

Kila Jumamosi, akishamaliza kuteka maji na kufua sare yake ya shule, Nyevu alikwenda kwa mjomba wake Kaingu, nyumba ya tatu kutoka kwao hapo Gongoni. Alimwamkia, akafagia vumbi la mbao barazani, kisha akaketi kwenye kigoda kumtazama akifanya kazi. Wenzake wa darasa la sita walimtania wakimwita Bi Wino, kwa kuwa kila Jumatatu alifika shuleni na weusi chini ya kucha. Nyevu alijifanya kukasirika, lakini moyoni jina hilo alilipenda.

Mzee Kaingu alikuwa mchapaji wa picha. Alichora picha juu ya kibao cha mwarobaini, akachukua patasi ndogo na kuchimba kila mahali palipotakiwa kutoka peupe. Kisha alipaka wino, akatandika karatasi juu ya kibao na kuisugua mgongoni kwa mwiko laini, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Karatasi ilipobanduliwa, palipoachwa palitoka peusi na palipochimbwa palitoka peupe. Mara nyingi alimkumbusha Nyevu kwamba mbao iliyokwisha kutolewa hairudi, kwa hiyo atazame vizuri kabla ya kugusa.

Mwaka huo macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ndiyo sababu Sista Zipporah, muuguzi wa zahanati, alipoagiza picha sitini, Nyevu alikabidhiwa patasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Picha zilikuwa za kina mama wa upande wa Vitengeni, wengi wao wasiojua kusoma. Zingewaonyesha jinsi ya kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Gari la zahanati lingeondoka Jumatatu asubuhi.

"Vijiko vya sukari vichimbe vyote ndani," mjomba alimwelekeza. "Cha chumvi, ukifika kwenye mstari huu, simama. Nusu yake ibaki na mbao."

Nyevu alichonga huku ameuma ulimi. Kijiko cha kwanza kilimtoa jasho. Kufikia cha nne mkono ulikuwa umezoea, na patasi ikawa inateleza kwa raha. Alipoinua kichwa, vijiko vyote saba vilikuwa vimechimbwa sawasawa, vinapendeza kama meno ya mtoto. Hapo ndipo alipoukumbuka mstari. Haukuwapo tena.

Mjomba alikuwa ameinama akikoroga wino, hakuona kitu. Nyevu aliwaza kwamba mzee akijua, patasi itarudi ndani ya kitambaa chake na yeye hataishika tena. Kwa hiyo mjomba alipoinua karatasi ya kwanza kwenye mwanga na kumuuliza kama vijiko viko sawa, alijibu kwamba viko sawa. Mzee hakuuliza mara ya pili. Walichapa hadi karatasi zote sitini zikaning'inia kwenye kamba barazani.

Alasiri mama yake Nyevu, Kanze, alipita akitoka kazini kwenye mashamba ya chumvi, leso yake imeingia weupe, kwapani ana daftari lake la masomo ya ngumbaru. Alikuwa na miezi mitano tu darasani, na kila alichokutana nacho alitaka kukisoma. Alisimama mbele ya karatasi moja akaifuata kwa kidole.

"Maji chupa moja. Sukari kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita. Chumvi kijiko kimoja, kimejaa." Akacheka. "Kaka, mimi ninayeshinda kwenye chumvi ningetia kidogo tu. Lakini kama Sista ndivyo alivyosema, nitatia hivyo."

"Ni nusu, Mama Nyevu," alisema mzee.

"Picha inasema kimejaa."

Mzee Kaingu aliisogeza karatasi karibu na pua. Nyevu alimtazama mama yake, aliyekuwa tayari kuifuata picha ile bila shaka yoyote, akamwona mawazoni mama mwingine huko Vitengeni, mtoto mnyonge mapajani, akijaza kijiko.

"Ni mimi, mjomba," alisema, machozi yakimtoka. "Niliupita mstari. Nikakudanganya kwa kuwa niliogopa utaninyang'anya patasi."

Mzee aliishusha karatasi. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini kwamba Sista alimwonya mara tatu: chumvi ikizidi, mtoto huzidi kukauka. Nyevu alilia akisema mbao haiwezi kurudi.

"Mbao hairudi," mzee alikubali. "Lakini wino tunao."

Akampa brashi nyembamba. Nyevu alipaka weusi nusu ya kijiko, karatasi moja baada ya nyingine. Kanze aliketi mkekani kando yake, na hakuiachilia hata moja kabla ya kuigusa kwa kidole na kusema, "Nusu." Alilisema neno hilo mara sitini, wala hakulisema kwa hasira.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alitoboa tundu la mraba kwenye kibao, pale penye kijiko cha chumvi, akapachika kipande kipya cha mwarobaini kwa gundi. Kilipokauka, alimwekea Nyevu patasi mkononi.

"Chonga tena, kwa ajili ya picha zijazo. Ukikosea, niambie kabla hatujachapa."

Jumatatu Nyevu alimkabidhi Sista Zipporah zile karatasi, na mwenyewe akamweleza kwa nini kijiko cha chumvi kilipakwa kwa brashi. Sista alizikagua zote, akamshukuru kwa kusema kweli, kisha gari likaondoka.

Njiani kwenda shuleni mama yake alimshika mkono.

"Mwanangu, kabla sijajua herufi nilikuwa naamini kila nilichoonyeshwa, maana sikuwa na njia nyingine. Mama wa Vitengeni hatakuona, wala hatajua jina lako. Ataamini mkono wako tu. Mkono kukosea ni jambo la kawaida, na wanaokupenda watakusaidia kurekebisha. Lakini kosa ukilificha, litamwumiza mtu ambaye hata hukumkusudia."

Tangu siku hiyo, kila picha iliyotoka kwenye kibao kile ilikuwa na mstari mwembamba wa mraba uliokizunguka kijiko cha chumvi, pale kiraka kilipoungana na kibao. Nyevu hakuomba uondolewe.