Ukungu Ndani ya Tufe

Kwa jina la Mola aliyeumba mchanga, na katika mchanga akajaalia kioo. Habari hii nimeipokea kinywani mwa rafiki yangu Eusebio Bracamonte, msafishaji wa sanamu za vioo katika bustani ya mimea ya jangwani, hapa Arizona. Alinisimulia akiwa ameinamisha uso.

Siku moja alichelewa kazini, akamwagia maji baridi sanamu iliyokwisha kushika moto wa jua, ikapasuka. Msimamizi alipouliza, akamtaja mwenzake Delfina kuwa ndiye aliyeipasua, naye akafukuzwa papo hapo.

"Mimi, mama wa ubatizo wa mwanao!" Delfina alimwambia. "Yaani Eusebio, umekosa hata ndege wa kumsingizia?"

Eusebio akainama, akaendelea kuzoa vipande vya kioo.

Alfajiri iliyofuata, giza likiwa bado zito, alianza kazi peke yake. Upepo haukuwapo, lakini vioo vililia taratibu nyuma yake katikati ya midungusi yenye miiba. Akafikia tufe kubwa la kioo lisilo na tundu, akalikuta limetanda ukungu. Alifuta, akafuta tena, usitoke, kwani ulikuwa upande wa ndani. Kwa hofu akabana pumzi, na ukungu ukafifia. Alipopumua, ukatanda tena, kana kwamba pumzi yake, ile ile iliyomsingizia Delfina, imefungiwa ndani ya kioo.

Mola awasitiri nyote mliosikiliza, na azithibitishe ndimi zenu katika kweli.