Karatasi ya D Ukutani

Foleni ya keki za Mardi Gras, sherehe za kabla ya Kwaresima, ilikuwa imefika barabarani. Odile Broussard, gauni la zambarau na bangili mpaka kiwikoni, alisimama ameshika shavu.

"Pole, dada. Jino?" aliuliza kijana wa nyuma yake, mrefu, koti la kijani.

"Kitoto cha plastiki! Hufichwa ndani ya keki; jana nikakiuma, na akipataye ndiye anunuaye keki inayofuata. Na mimi ndiye daktari wa meno mtarajiwa. Haya, cheka!"

Akacheka kweli, bila huruma. Aliitwa Marcellus, akisomea shahada ya juu ya kemia. Keki haijafungwa, wameshabadilishana namba za simu.

Basi ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula kitabu."

"Kitabu hakishibishi. Leo Jumatatu, na kwetu Jumatatu ni wali na maharage. Nakuletea."

Akaleta. Alipoingia chumbani kwa Odile, sufuria nusura imponyoke. Ukutani ilibandikwa karatasi ya mtihani wa kemia wa mwaka wa kwanza, D kubwa, na chini yake wino mwekundu: *Unakariri, hufikiri. Anza upya.*

"Hiyo ndiyo aibu yangu," Odile akasema. "Nilirudia somo nikapata A, lakini vyuo vya meno huzisoma alama zote mbili. D haifutiki. Nikinyimwa nafasi, ni kwa ajili yake. Na huyo aliyeandika hivyo, nikimjua, namng'oa magego bila ganzi!"

Marcellus aliweka sufuria mezani. Mwandiko ule ulikuwa wake. Mwaka ule alikuwa msahihishaji, na darasa lilikuwa la watu mia tatu. Jina la Odile hakulikumbuka kabisa. Angesema palepale, yangekwisha. Hakusema. Mwoga!

Miezi minane ikapita. Odile alituma maombi, akaitwa kwenye usaili. Wiki moja kabla, alikuta mlangoni bakuli la maharage, kifuniko kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Kula kabla hayajapoa, mpenzi.* Akatabasamu. Kisha akaona mkia wa ile y, umepinda kama ndoana. Akageukia ukutani. Mungu wangu! Y ya neno *upya* ilikuwa na ndoana ileile.

Akampigia. "Marcellus, ni wewe?"

"Mimi? Kuna nini, laazizi?"

"Nakuuliza, ni wewe uliyenipa D?"

"Ni mimi. Odile, niliogopa kukupoteza..."

"D niliistahili! Linaloniua ni hili: miezi minane unaitazama ukutani kwangu, unakula maharage, unajifanya mgeni! Usinipigie tena."

Akakata. Alilia mpaka macho yakavimba, na maharage yakapoa hivyohivyo.

Siku ya usaili alivaa suti ya kijivu na lulu za bibi yake. Mwalimu mmoja mzee akagonga faili. "Hii D ilikuwaje, binti?"

Odile alikuwa na utetezi aliouandaa mwaka mzima: homa, kazi ya usiku, mama mgonjwa. Mdomo ukamsaliti. "Nilikuwa nakariri, sifikiri," akasema. "Mtu mmoja aliniambia ukweli, nikaanza upya." Mwenyewe alishtuka kujisikia.

Desemba simu ikalia. Amepata nafasi! Akapiga kelele, akarukaruka na soksi, na kabla hajamwambia hata mama yake, vidole vikawa vimeshabonyeza namba ileile.

Marcellus alifika anahema, koti limefungwa vifungo kombo. Ukuta ulikuwa mtupu. Odile akamkabidhi karatasi ile. Chini ya wino mwekundu palikuwa na mwandiko wa buluu: *Marcellus. Somo: ukweli. Alama: D.*

Akaisoma mara mbili. "Nimefeli?"

"Vibaya sana."

"Basi niende?"

"Uende wapi, wewe? Somo si linarudiwa?" Akamshika kola, akaanza kumfungua vifungo vile avipange upya. "Rudia, mpenzi. Ila ujue, zote mbili nitazisoma."