Kundi la Darini

Mtu anayeweka sumu ya panya darini hujiandaa kwa mambo mawili: uvundo na lawama za mkewe. Kinyozi alipata lawama tu. Uvundo aliusubiri wiki nzima, pua juu kama mbwa wa polisi. Badala yake, kila jua lilipozama, dari ya chumba cha mtoto ilishusha harufu ya marashi, mazito, kama mtu amevunja chupa nzima.

"Labda wamekula sabuni yako," alimwambia mkewe.

"Na huo mluzi, nao wameula wapi?"

Kinyozi akanyamaza. Kunyamaza kwa kinyozi huyu kulikuwa habari. Alinyoa vichwa kwa mdomo, mashine ikimsindikiza tu.

Mluzi waliujua tangu walipohamia. Kila machweo ulisikika kule juu, mrefu, unaopanda mwishoni, na panya wote wakatimua mbio kutoka ukutani hadi kwenye pembe, juu ya kitanda cha mtoto, kisha kimya. Wao walisema ni upepo kwenye bati. Sasa panya walikuwa wamekufa na mluzi umebaki. Ulipigwa, ukasubiri. Ukapigwa tena, na safari hii ulikuwa na kitu ambacho upepo hauna: wasiwasi.

Jioni iliyofuata binti yao, waliyemwita Donge kwa ajili ya mashavu yake, aliusikia akiwa mezani. Akaweka kijiko chini, akateremka kwenye kiti na kuanza kutambaa. Mtoto wa shule, kutambaa alishaacha zamani. Alikwenda upesi kwa magoti na viganja hadi chini ya mfuniko wa dari, akainua uso, akatulia.

"Donge, unafanya nini hapo, mama?" mama yake aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naitwa."

"Nani anakuita?"

"Anatuhesabu," mtoto akasema.

Kesho yake mchana walimleta mganga, mtu mnene mwenye begi mgongoni na mafua makali.

"Mganga mwenyewe unaumwa?" kinyozi akamchokoza.

"Mafua ni yangu, baba. Jini ni lako."

Mganga akaweka sikio ukutani, akasalimia, akasikiliza muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka ya ndugu yake. Alipoutoa sikio ukutani alizungumza kwa kunong'ona.

"Umeua mifugo ya mtu."

"Panya?"

"Wewe unaona panya. Mwenyewe anaona kundi lake. Amewaosha, amewapaka marashi, amewazika. Sasa zizi ni tupu, na anajaza kwa kilicho karibu."

Mama akamvuta Donge kifuani. "Tumpe nini atuachie mtoto?"

"Panya. Wazima."

Basi kinyozi akazunguka mtaa mzima na ndoo yenye mfuniko, akibisha milango ya wateja wake na kuomba panya kwa adabu zote. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jirani mmoja alimuuliza kama anataka na chumvi. Alicheka nao, na hakuna aliyeona jinsi alivyoukaba mkono wa ile ndoo. Alirudi nayo ikitikisika, akapanda ngazi na kuwamwaga wote darini.

Jua likazama. Mluzi ukapigwa. Panya wakatawanyika ovyo, huyu huku, yule kule, hakuna aliyeitikia, na chini yao Donge alikuwa tayari magotini, viganja vimeshika kidato cha kwanza cha ngazi.

"Hawa wageni, hawamjui," mganga akanong'ona, leso puani. "Kundi geni linataka mmoja wa kuliongoza. Mmoja anayeujua mluzi."

Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mtoto.

Kinyozi akambandua bintiye kwenye ngazi, akamkabidhi kwa mama yake. "Mimi nimeusikia kabla huyu hajazaliwa," alisema. "Tena kwa kichwa hiki changu kikubwa, hatapata shida kunihesabu." Akavua viatu, akapanda, na mfuniko ukajifunga nyuma yake, na mluzi ukaja tena, mrefu, ukipanda, na walioko chini wakasikia magoti mazito yakiondoka ukutani, pu, pu, pu, na nyuma ya magoti hayo nyayo ndogo zikijipanga, zikifuata, zikipita juu ya kitanda hadi kwenye pembe, kisha kimya, na Donge akapiga miayo na kuomba kulala.

Tangu siku hiyo kinyozi hufunga kibanda mapema. Hupanda machweo, hushuka baadaye akiwa na vumbi na marashi. Siku za kwanza alishuka na utani. Siku hizi hushuka tu. Donge anatembea kwa miguu miwili, anaimba, anagombea kijiko kikubwa.

Mkewe hukaa chini ya ngazi akiyasikiliza magoti. Mwanzoni yalikuwa rahisi kuyatambua. Wiki iliyopita yalikuwa mepesi, jana mepesi zaidi, na leo mluzi umepigwa, kundi lote limepita juu ya kitanda kwa nyayo ndogo, ndogo zote, na mwanamke ameishika ngazi kwa mikono miwili, anangoja kusikia goti moja lililo zito.